Kutukimbia si usafi: tumefungua saa, tumekuta madini, hatukukuta jibu

Ndugu vijana wa Salamabila, wa Kasongo, wa Kabambare na wa Kindu, na ninyi muliokwenda Bukavu, Uvira, Lubumbashi na Kinshasa juu ya masomo na juu ya maisha,

Mabishano haya munayajua. Mmoja anasema Apple njo saa, zingine ni mchezo wa watoto. Mwingine anasema Samsung. Wa tatu ananyoosha mkono wenye kopi ya dolari 15 na kusema: "Yangu inafanya yote ile, na pesa yangu ingine iko mu mufuko." Wanalinganisha kioo, rangi, mkanda, hesabu ya hatua, mapigo ya moyo, namna simu inavyoita kwenye mkono. Wanalinganisha kila kitu kinachoonekana kwa nje.

Sisi tumetaka kulinganisha ndani. Tulichukua saa janja mbili zilizokwisha kufa, moja kopi ya sokoni, moja orijino ya jina kubwa. Jina la ile orijino hatulitaji, juu ugomvi wetu hauko na sosiete moja tu. Tulizifungua mezani, tukapanga vipande kimoja kimoja. Halafu tukasoma kazi za mafundi waliofungua zile ambazo sisi hatuna uwezo wa kununua, na rapoti za wenyewe wanaozitengeneza.

Tunasema mbele kile tulichokikuta. Saa zote zinabeba aina ya madini yanayotoka chini ya miguu yetu, na hakuna hata moja inayoweza kumwambia kijana wa Salamabila kama dhahabu aliyoichimba imo au haimo. Tena siku hizi wakubwa wa hii biashara wamepata jibu jipya: hatununui tena kwenu. Wanataka dunia iwapigie makofi. Sisi tunasema hapana. Kutukimbia si usafi.

NDANI YA SAA KUNA NINI

Kuna betri. Nyingi za aina hii zina kobalti, na Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti inayochimbwa duniani, kule upande wa Kolwezi. Ni kitu kidogo kweli: Apple Watch ya kwanza, ya mwaka 2015, ile ya milimita 38, ilikuwa na betri ya mAh 205. Simu iliyo mufukoni mwako ina karibu mara 20 ya hiyo.

Kuna mota ndogo inayotikisa mkono wakati ujumbe unaingia. Ili kitu kidogo hivyo kiweze kutikisa mkono wa mtu mzima, kinahitaji uzito, na uzito huo mara nyingi ni wolframu, madini mazito karibu sawa na dhahabu yenyewe. Kailo, hapa hapa Maniema, watu wanaijua wolframu tangu wakati wa Wabeleji.

Kuna ile rangi ya fedha inayoshikisha vipande kwenye sakiti. Zamani ilichanganywa na risasi. Siku hizi, kwa aina inayotumika sana, zaidi ya 96% yake ni stani, ile inayotoka kwenye kasiterite. Mtu wa Kalima hahitaji kufundishwa hilo. Symétain ilikuwa huko kabla ya vita ya pili ya dunia, Sominki ikaja mwaka 1976, halafu Sakima. Babu zetu walibeba kasiterite kichwani.

Kuna kapasita, vipande vidogo sana vinavyoweka umeme kwa muda mfupi na kuutoa. Vifaa vidogo vinapenda kapasita za tantali, na tantali inatoka kwenye koltani.

Na kuna dhahabu. Haing'ai mbele ya macho. Imepakwa nyembamba sana pale chuma kinapogusana na chuma, na imo katika nyuzi nyembamba kuliko unywele ndani ya chipu. Imewekwa pale juu haishiki kutu, hata jasho la mkono haliiharibu.

Mutasema: hiyo ni kidogo sana, munapiga kelele juu ya nini? Tufanye hesabu. Simu moja ina karibu miligramu 30 za dhahabu. Tuseme saa inachukua theluthi moja ya hiyo, miligramu 10. Mawe ya Namoya, kwa maandishi ya sosiete iliyoyachimba, yana karibu gramu 2 za dhahabu kwa kila tani. Kwa hiyo miligramu 10 ni kilo 5 za mawe: kuvunja, kusaga, kuosha. Kilo 5 za mlima kwa ajili ya kitu unachofunga kwenye mkono na kusahau. Zidisha kwa mamilioni ya saa zinazouzwa kila mwaka.

Hatusemi kwamba saa tulizofungua zilikuwa na dhahabu ya Salamabila. Hakuna anayeweza kusema hivyo, wala anayeweza kukataa. Mutu anayeuza kitu duniani kote, anayejua kuhesabu mapigo ya moyo wako usiku ukiwa umelala, anatuambia hawezi kujua mawe yake yametoka kwenye mlima gani. Hapo njo ugomvi wetu unaanzia.

TULINGANISHE VIZURI SASA

Kwa hiyo tunatoa maswali matatu ya kulinganisha saa. Siyo yale ya tangazo.

Swali la kwanza: inafunguka?

Ile orijino yetu ilitutesa. Kioo kimeshikwa na gundi, lazima upashe moto, uingize kisu chembamba polepole, na ukikosea kidogo kioo kinapasuka. Haiko ajali, ni namna walivyochagua. Mafundi wa iFixit, wale wa Marekani wanaofungua vyombo vipya na kuvipa pointi, waliipa Apple Watch ya mwaka 2015 pointi 5 kwa 10. Pixel Watch ya kwanza ya Google, ya mwaka 2022, ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2023 Google yenyewe ilikubali kwamba hakuna namna ya kuitengeneza kioo kikivunjika. Saa imeanguka mara moja, imekufa. Lakini muone: mwaka 2025 Google hiyo hiyo ilitoa Pixel Watch 4 yenye skrubu, betri inatoka, kioo kinatoka, na iFixit wakaipa 9 kwa 10. Samsung nayo, kwenye Galaxy Watch4 ya mwaka 2021, iliweka skrubu nyuma.

Maana yake nini? Wakati wote waliotuambia "ni kidogo sana, haiwezekani kuifungua", ilikuwa inawezekana. Gundi ilikuwa uamuzi. Na kila saa inayokufa juu ya betri ya mAh 200 inarudi kutafuta mawe mengine chini ya ardhi.

Kopi ile ilifunguka bila shida. Lakini ukiifungua unafanya nini? Kipande chake hakiuzwi popote. Na ile taa ya kijani inayosema inapima moyo, tulifunga saa nyingine ya aina hiyo, iliyo nzima, kwenye muhogo. Ikasema moyo unapiga 78. Muhogo! Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, juu kuna mama zetu wenye presha wanaoangalia saa kama hizo na kuamua kama watakunywa dawa au hapana. Mwezi wa 2, 2024, FDA, ofisi ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya hospitali, iliwaonya watu wasiamini saa wala pete inayosema inapima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Haikuwa imeruhusu hata moja. Zinauzwa sokoni kwetu mpaka leo. Kwa hiyo ninyi wa kopi, musijisifu haraka. Hela imebaki mufukoni, ukweli haukubaki.

Swali la pili: inaishi miaka mingapi?

Hapa kuna hadithi ambayo kila kijana wa Salamabila anapaswa kuijua. Mwezi wa 4, 2015, Apple iliuza Apple Watch Edition, yenye kifuniko cha dhahabu ya karati 18, yaani sehemu tatu kwa nne ni dhahabu safi. Bei yake ilianzia dolari 10,000, ikafika 17,000. Mwaka 2018 ikatoka programu mpya, watchOS 5, na saa zote za kwanza, pamoja na ile ya dhahabu, zikaachwa nje. Miaka mitatu tu.

Dhahabu haiozi. Ile ya wafalme wa Misri inang'aa mpaka leo baada ya miaka 3,000. Wameichukua, wameifunga juu ya programu inayozeeka ndani ya miaka 3, na kuiita maendeleo. Ukiuliza thamani ya kitu, uliza wanaokinunua wanakiheshimu vipi. Sisi tunaingia shimoni na tochi kichwani kwa ajili ya gramu moja. Wao wameweka dhahabu nzima kwenye kitu ambacho walijua kitaachwa.

Swali la tatu: inasema madini yake yametoka wapi?

Marekani ilitunga sheria mwezi wa 7, 2010, Dodd-Frank, kifungu cha 1502. Inasema kila sosiete iliyoandikwa kwenye soko lao la hisa, ikitumia stani, tantali, wolframu au dhahabu, itoe rapoti kila mwaka kama yametoka Kongo au nchi jirani. Apple inaandika. Garmin inaandika. Alphabet, mama wa Google na Fitbit, inaandika. Samsung haiko kwenye soko la hisa la Marekani. Inatoa rapoti yake kwa hiari. Huawei haiko kwenye soko lolote la hisa. Na kopi? Kopi haina hata jina la kumuuliza.

Kwa hiyo kuna tofauti, na tunaikubali. Anayeandika ni afadhali kuliko anayenyamaza. Lakini rapoti hizi zinatoa nini? Zinatoa orodha ya viwanda vya kuyeyusha: hiki cha Asia, kile cha Ulaya, kile cha Amerika. Orodha ndefu. Ukitafuta mlima, hauuoni. Ukitafuta teritware, hauioni. Dhahabu ikiyeyushwa mara moja inasahau mama yake. Wanajua hilo, na wameweka swali lao pale pale inapoanza kusahau.

Mwezi wa 10, 2024, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliandika kwamba haikupata ushahidi kuwa sheria hii imepunguza ukatili mashariki mwa Kongo, na kwamba sheria hiyo imeambatana na kuenea kwa ukatili karibu na machimbo madogo ya dhahabu. Musome tena: ya dhahabu. Sisi hatukushangaa. Kasiterite ni magunia, inahitaji lori, inaonekana. Dhahabu inaingia kwenye soksi. Ukifunga njia ya magunia bila kufungua njia nyingine, mwenye bunduki anahamia kwenye soksi.

KUKIMBIA HAKUKUANZA LEO

Wakubwa wetu wanakumbuka. Mwezi wa 9, 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Maniema yetu yote, kwa neno moja. Ilidumu mpaka mwezi wa 3, 2011. Ilipofunguliwa, wanunuzi wa nje nao wakakaa mbali, juu ya kuogopa sheria mpya ya Marekani. Waliosimamishwa siyo wenye bunduki. Ni baba aliyelipa shule kwa kasiterite, mama aliyeuza chakula kwenye mgodi, kijana wa baisikeli aliyebeba magunia.

Leo wimbo umerudi. Mwezi wa 12, 2024, mawakili wa serikali ya Kongo walipeleka malalamiko Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple. Apple ilikataa mashtaka hayo na kusema imewaambia wanaoiuzia kwamba viwanda vyao visimamishe kununua stani, tantali, wolframu na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda. Magazeti ya nje yaliandika habari hiyo sawa na habari njema. Hatukuona hata mmoja aliyeuliza: na wale wachimbaji, wanakula nini kesho?

Halafu kuna neno lingine zuri: yaliyorudishwa, yaliyotumika tena. Apple Watch Series 9, ya mwaka 2023, ilitangazwa kuwa na betri ya kobalti 100% iliyorudishwa. Sisi hatupingi kurudisha. Taka ya simu zilizokufa imejaa dunia, ikusanywe, itumike. Lakini tunauliza maswali mawili. La kwanza: miaka yote kabla ya hapo, madini mapya yalitoka, yakatumika, faida ikaingia. Leo munasema munayo ya kutosha kwenye ghala, hamutuhitaji tena. Deni la nyuma analipa nani? La pili: kwa upande wa dhahabu, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika miaka mingi kwamba dhahabu ya mashariki mwa Kongo inatoroshwa kupitia nchi jirani na kufika Dubai. Ikifika pale ikayeyushwa pamoja na bangili za zamani, nani anayeitambua? Siku inayofuata inaweza kuitwa dhahabu iliyorudishwa, na hakuna mtu aliyesema uongo hata mmoja.

Mutatuambia: basi munataka nini, wanunue bila kuuliza? Hapana. Tunataka wabaki na waulize. Inawezekana. Fairphone, sosiete ya simu ya Amsterdam, ilipotoa simu yake ya kwanza mwaka 2013, ilitumia stani ya Kalehe, Kivu ya Kusini, na tantali ya Katanga, kupitia miradi iliyofuata madini kutoka shimoni. Wao ni wadogo, hawana hata chembe ya pesa za Apple. Walikuja, wakaangalia, wakanunua. Mkubwa anayesema "ni vigumu sana" wakati mdogo alishafanya, huyo hajashindwa. Hataki.

NA HAPA KWETU JE

Tusiwe watu wa kulaumu California tu, halafu tukifika Kindu tunanyamaza.

Mkataba wa mwaka 1997 ulioifungulia Banro ya Kanada milango ya Namoya na Twangiza uliipa msamaha wa kodi wa miaka 10 tangu kuanza kutoa dhahabu. Nani alisaini kwa niaba ya Salamabila? Hakuna aliyetuuliza. Mgodi wa Namoya ulianza kutoa dhahabu kibiashara mwezi wa 1, 2016. Mwaka 2017 na tena mwaka 2019 wafanyakazi wake walitekwa nyara, na wengi kati yao ni Wakongomani. Mwezi wa 9, 2019 sosiete ikatangaza kusimamisha kazi. Katikati ya hayo yote, Mai-Mai Malaika walisema wanapigania haki ya raia. Tunasema wazi: bunduki haikutumwa na sisi. Mtu anayeweka bariyeri na kumtoza mchimbaji, anayemshika dada yetu njiani kuelekea shamba, haongei kwa jina letu. Médecins Sans Frontières walifanya kazi Salamabila kuwatibu wanawake waliobakwa. Huo njo "ulinzi" tulioupata.

Lakini bunduki ilipata masikio juu ya nini? Juu ahadi zilikuwa mingi na karatasi hazikuonekana. Tuangalie karatasi yenyewe. Kodi ya madini ya mwaka 2018, sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa 3, inasema hivi: dhahabu inalipa mrabaha wa 3.5%. Katika mrabaha huo, 50% inakwenda Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta au sheferi ambapo mgodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena sosiete inapaswa kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wananchi wanaoishi hapo.

Hesabu tena. Dhahabu ya dolari 100 ikitoka mgodini, mrabaha ni dolari 3 na senti 50. Sehemu ya sekta ni karibu senti 52. Ongeza senti 30 za miradi. Jumla: senti 82 kwa dolari 100. Haifiki hata dolari moja! Na bei ya dhahabu mwezi wa 10, 2025 ilipita dolari 4,000 kwa aunzi, yaani karibu dolari 128 kwa gramu. Sisi hatugombanii utajiri wa Dubai. Tunagombania karatasi ya senti 82: ililipwa lini, iliingia kwenye konti gani, ilijenga nini.

Na wachimbaji wa mkono? Wakubwa wanawaita haramu. Sheria hiyo hiyo inasema serikali itenge maeneo ya uchimbaji mdogo na watu waingie kwenye kooperative. Eneo lisipotengwa, au likitengwa mahali pasipo na dhahabu, mtu atachimba pale anapojua kuna chakula. Huwezi kumnyima mtu mlango halafu umshitaki juu ameingia kwa dirisha.

TUNAYODAI

Kwa wanaotengeneza saa, wote, wenye majina na wasio na majina:

1. Rapoti zenu zitaje mgodi na teritware, siyo kiwanda tu. Kama hamujui, andikeni kwa herufi kubwa kwamba hamujui, kwenye tangazo la saa, siyo kwenye ukurasa wa 40.

2. Mukiacha kununua Kongo, semeni mumewaachia nini wale waliowauzia jana. Mtu haondoki mezani bila kulipa chakula alichokula.

3. Wekeni skrubu. Uzeni betri na kioo kwa mafundi. Programu iishi angalau miaka 10. Hiyo njo heshima ya kwanza kwa mawe.

Kwa serikali ya Kinshasa, kwa gavana na wadepite wa jimbo huko Kindu, na kwa yeyote mwenye kibali cha Namoya leo:

4. Tangazeni hadharani, kwa Kiswahili, kila mrabaha uliolipwa tangu 2018 kwa ajili ya Namoya, na sehemu ya 15% iliyofika kwenye sekta.

5. Tengeni maeneo ya wachimbaji wadogo Kabambare, mahali penye dhahabu, na wekeni mnunuzi wa halali Salamabila kwenyewe, ili dhahabu iandikwe pale inapozaliwa, kabla haijasahau mama yake.

6. Ondoeni bariyeri zisizo za sheria kwenye barabara ya Kasongo mpaka Fizi, za mwenye uniformu na za asiye nayo.

Na kwetu sisi wenyewe vijana:

7. Hatusemi musivae saa. Vaeni. Hatuombi mtu atupe kopi yake wala amchukie mwenye orijino. Tunaomba kitu kimoja: mabishano yakianza tena, ulizeni yale maswali matatu. Inafunguka? Inaishi miaka mingapi? Imetoka kwenye mlima gani?

8. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa 5, rapoti za sosiete za Marekani zinatoka na ziko bule kwenye intaneti. Mwenye megabaiti afungue, atafute neno "Maniema", apige picha ya ukurasa, atutumie. Tutazibandika zote hapa, hata zile ambazo neno hilo halimo. Hizo hasa.

9. Nendeni kwenye ofisi ya sekta muwili muwili, kwa heshima, bila jiwe mkononi, muombe kuona hesabu. Wakikataa, andikeni tarehe na saa. Wakikubali, pia andikeni.

Enzi za Tippu Tip, pembe za ndovu zilipita Kasongo zikielekea pwani, zikavuka bahari, zikawa vipande vyeupe vya piano. Waliopiga piano ile hawakuuliza. Waliobeba pembe hawakuwa na mahali pa kuulizia. Sisi tunapo. Tuko na simu, tuko na sheria iliyoandikwa, tuko na lugha inayosikika kutoka Kindu mpaka Mombasa. Tofauti yetu na wale waliobeba pembe ni hiyo tu, na ni kubwa. Tusiitupe.

Vijana wa vuguvugu, Salamabila
Kwa haki, bila bunduki